Majani ndani ya kengele ya Symphorien

Mama Bénédicte, wewe unayejibu barua za wenye shida, nakusalimu, na ninakuomba shauri lako kabla Jumapili haijafika, kwa sababu Jumapili nimeitwa mbele ya watu na sijui kama nitaenda ao nitabaki nyumbani nifunge mlango. Mimi ni mjane, naitwa Agathe, nakaa karibu na Hombo, masomo yangu yaliishia shule ya msingi, kwa hiyo unisamehe kama maneno yanafuatana vibaya.

Hapa kwetu kuna kikundi cha historia kinachoitwa Tusisahau, na kabla sijakuambia shida yangu nataka nikisifu, maana sitaki usome ukadhani ni watu wabaya. Kila mwezi wanatukusanya katika salle ya paruasi, ule ukumbi wa kanisa, baada ya misa, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, na mtu anakuja na kitu cha zamani cha kwao, anakisimulia. Hawana nyumba ya kuweka vitu hivyo, na prezida wao, Mama Dorothée, ambaye alikuwa mwalimu wetu, anasema hawataki kuwa nayo, kwa sababu hapa watu wamekimbia mara nyingi, na nyumba iliyojaa vitu ndiyo ya kwanza kuvunjwa. Afadhali kila kitu kirudi kulala kwa mwenyewe, na habari yake ibaki katika vichwa vyetu sote. Halafu wana sheria moja: kitu hakisimuliwi kwa mdomo tu, lazima kifanye kazi yake mbele ya watu. Bibi mmoja alituonyesha namna walivyokuwa wakipata chumvi kwa majivu ya majani ya mtoni, tukailamba wote, ilikuwa chungu kidogo, na nilifurahi kama mtoto. Mama Nyiransabimana, aliyekimbia vita kule Burungu, ng'ombe zake zote zikabaki huko, yeye alileta kibuyu tu. Kikundi kikatafuta maziwa mpaka yakapatikana, akakitikisa huku akiimba polepole mpaka siagi ikatoka, na wale waliokuwa wanamwita mgeni wakanyoosha mikono kuomba kuonja. Tangu siku hiyo wanamwita Mama Siagi, naye anaitika. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba sijawahi kuona watu wakifanya kazi nzuri namna hiyo bila mtu yeyote kuwatuma.

Sasa shida yangu. Bwana yangu Symphorien alikuwa mwindaji. Alikuwa na mbwa aliyemwita Watasema, kwa sababu majirani walisema sana tulipokaa bila kupata mtoto, na kila jioni alimwita mbwa wake kwa sauti kubwa, na wenye masikio walielewa. Mbwa huyo alikuwa akivaa shingoni kengele ya mbao. Wawindaji wa kwetu wanaiziba kengele kwa majani tangu nyumbani, ili wanyama wasisikie. Wakifika mahali pa kuwinda wanayatoa, mbwa anakimbia, kengele inagonga, na kila mmoja anajua mbwa yuko upande gani. Wakianza kurudi wanaiziba tena. Symphorien aliziba kwa uangalifu kuliko wote, alikunja majani madogo, akayasukuma kwa kidole gumba, akaitikisa karibu na sikio, na kama ilikuwa bado inagonga aliongeza jani. Safari yake ya mwisho alirudi na homa, kengele ameiziba hivyo hivyo, akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda chetu, akalala, na hakurudi tena porini. Tulimzika mwezi wa pili. Mbwa alikwenda kwa mdogo wake, shemeji yangu Noël. Kengele ilibaki na majani yake ndani, yamekauka, lakini mkunjo wa kidole chake unauona bado.

Mama Dorothée aliniomba niilete, na nilikubali kwa furaha, kwa sababu nilitaka jina la bwana yangu lisemwe mahali pale pazuri. Mwezi uliopita nikaenda. Mama Dorothée aliipokea ili awaonyeshe walioketi nyuma, akaitikisa, haikulia, na mama mmoja akasema, «Agathe, hiyo kengele yako imejaza fufu ya nani mdomoni?» Watu wakacheka, hata mimi nikacheka, nikawa najitayarisha kueleza. Lakini Mama Dorothée akasema, «Ngoja, iko na uchafu ndani,» akaingiza kidole aisafishe, kwa nia njema kabisa, na mimi nikampiga mkono. Nilimpiga mwalimu wangu mkono mbele ya salle nzima, nikanyang'anya kengele, nikaukimbilia mlango.

Hakuna aliyenicheka njiani. Mama Dorothée alituma ujumbe kwamba nafasi yangu ingali pale pale, Jumapili hii. Halafu Noël naye alikuja, akaketi, akaniambia, «Shemeji, kengele haikae mu nyumba sawa picha ya ukutani. Unipatie, nitoe hayo majani, niivalishe mbwa. Njo kazi yake, ndiyo hiyo.» Pengine ana haki. Kikundi nacho kina sheria yake, na ni sheria nzuri. Naona kila mmoja anasema kweli, lakini siku majani yale yatakapotoka, hakutakuwa tena na kitu chochote duniani kilichobaki namna mkono wa Symphorien ulivyokiacha. Nikienda nayo ikiwa imezibwa nitawaharibia watu kazi yao, nikibaki nyumbani jina lake halitasemwa, na mimi sina mtoto wa kulisema. Nifanye nini, mama?

Agathe, Hombo

*

Agathe dada yangu,

Pole. Pole kwa Symphorien, na pole kwa usiku wote unaolala chini ya ule msumari ukiangalia juu. Mtu aliyeziba kengele kwa uangalifu hata akiwa na homa anastahili kuliliwa.

Sasa uniruhusu nikugombeze. Ulimpiga mkono mama aliyekufundisha kusoma, ukaondoka, na hapo ni yeye anayekutumia ujumbe. Ulipaswa kuwa mlangoni kwake kesho yake asubuhi. Alikosa nini? Mtu ambaye si mwindaji akiona majani makavu ndani ya kengele atasema ni uchafu. Habari ilikuwa kwako, hukuwa umempa, kisha ukamkasirikia kwa kutoijua. Na kikundi hicho unachokisifu, nami nakisifu pamoja nawe, hakiwezi kukumbuka kitu ambacho hujakisema.

Unachanganya vitu viwili. Majani ni yako, ni mali ya mke. Hakuna kikundi wala ukoo wa kukudai. Kengele ni jambo lingine. Nikuulize swali moja, ujijibu kwa ukweli: wewe umewahi kuisikia? Umeniandikia mwenyewe kwamba ilitoka kwako imezibwa na ikarudi imezibwa. Miaka yote ya ndoa umeishi na kimya chake, na kimya hicho njo unakilinda sasa. Sauti yenyewe Noël anaijua, mbwa anaijua, msitu unaijua. Mke wake hajui. Kumbe kuna kitu cha Symphorien ambacho bado hujapewa, na unakizuia wewe mwenyewe.

Kwa hiyo sikia. Kabla ya Jumapili nenda kwa Mama Dorothée, nenda wewe, usitume mtu. Kwa mikono yako miwili ushike ule mkono wake ulioupiga, umwambie yale majani ni nini. Usiongeze mengi, ni mwalimu, ataelewa.

Noël umwambie kengele haihami kwako sasa. Siku ukitaka mwenyewe kumpa, utampa. Lakini Jumapili aje, na amlete Watasema kwa kamba.

Mbele ya watu usianze kwa kutikisa. Anza kwa kuwaonyesha imezibwa, ueleze namna alivyokunja, namna alivyosikiliza kwa sikio na kuongeza jani, maana kunyamaza njiani nako ni kazi ya kengele hiyo, na sheria ya kikundi itakuwa imetimizwa tangu hapo. Taja jina lake lote, polepole. Halafu toa majani kwa vidole vyako, wala usikubali kidole cha mwingine. Yakivunjika, yamevunjika, hata juu ya msumari yangevunjika tu, siku ambayo hakuna mtu wa kukushika bega. Yafunge katika kitambaa chako, yarudi nawe nyumbani, uyaweke unapotaka.

Kisha Noël amvalishe mbwa kengele, na nyote mtoke nje, amwachilie kamba katika uwanja wa paruasi. Ukilia, lia, hao ni watu waliolamba chumvi ya majivu pamoja nawe. Ila safari hii usiukimbilie mlango. Simama, usikilize mbwa akizunguka nyuma ya kanisa na kurudi, mbali, karibu, mbali tena. Hivyo njo Symphorien alivyokuwa akisikia saa zote ulizokuwa ukimngojea.

Mama Bénédicte