Gauni Lililokatwa Kabla ya Kupimwa

Jumamosi, Agosti 2017. Upepo wa Yeoville unatupa vumbi dirishani tangu asubuhi.

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata kwenye maombi nalipitia pembeni: Sikio la Tatu ni mimi.

Ninyi mnaosoma blogu hii mnadhani inaandikwa na mzee fulani mwenye miwani. Kumbe ni msichana wa miaka kumi na sita anayesimama nyuma kabisa kwenye kwaya ya Gereji, akifungua mdomo bila kutoa kitu.

Nilianza kwa utani. Sisi tunasali kwenye gereji ya zamani, mahasimu wetu wanasali ghorofani, juu ya duka la fanicha, ng'ambo ya barabara. Niliandika kwamba besi zao zinaimba kama watu wanaohamisha kabati. Kwetu walicheka mpaka machozi. Halafu mtu akauliza pale chini, kwenye maoni, "Mbona Gereji huwagusi?"

Wiki iliyopita nikawagusa. Kuhusu solo yetu niliandika: "Ni gauni lililokatwa kabla ya kupimwa."

Solo anaimba Mama.

Juzi, nikingoja roboti, taa ya barabarani, iwake kijani, kijana mmoja wa Ghorofani alinipigia kelele: "We Gereji! Mama ameshapima gauni?" Wenzake wakapiga mbinja. Nilivuka na nyekundu, taxi nusura inibebe.

Leo mchana viongozi wa kwaya walikaa sebuleni kwetu kumtafuta mwandishi. Mimi nilikuwa nagawa chai.

"Sisi watu ya Bukavu hatuandikake hivi," Mama alisema. "Eti 'hakika', eti 'mathalani'! Huyu iko Mutanzania tu."

Mtanzania kwenye kwaya ni mmoja: Mwalimu Zakaria, mtu wa Kigoma, anayetufundisha nyimbo. Ndiye aliyenifundisha pia Kiswahili cha kuandika. Shule nilianza kwa Kifaransa kule Bukavu, hapa Yeoville naendelea kwa Kiingereza, na Kiswahili changu kilikuwa cha jikoni. Nilivaa cha kwake ili nisijulikane. Sikufikiria kwamba nguo ina mwenyewe.

"Kesho mbele ya ibada tunamufukuza," alisema Papa Deo, mwenyekiti. Akaisoma tena ile sentensi ya gauni, kwa sauti.

Mama akaweka kikombe chini.

Mama ni fundi cherehani. "Pima kwanza, ndio ukate" ni maneno yake, ananiambia kila akinipa mkasi.

"Mama Riziki, unasema nini?" Papa Deo alimuuliza.

"Kichwa inaniuma. Muamue." Kisha, bila kuniangalia: "Riziki, hii chai imepoa."

Ilikuwa bado inafuka.

Jioni, baada ya mazoezi, nilimsaidia Mwalimu kupanga viti. Hakuna aliyemwambia kitu. "Umemsoma huyo Sikio, mwanangu?" aliniuliza. "Anaandika vizuri, mtu huyo. Kasoro yake moja tu. Hana jina."

Nikacheka kama mjinga.

Na bado sijasema lote. Solo haikuwa mbaya. Mwezi uliopita Mwalimu alitaka niijaribu mimi, Mama akaangua kicheko mbele ya kwaya nzima: "Huyu? Eish, Mwalimu, huyu hana sauti hata ya kusimamisha taxi!" Wote wakacheka, nami nikacheka. Tangu siku ile nilikaa nikiingoja noti moja imponyoke, kama paka mbele ya tundu. Ikamponyoka. Moja tu.

Nikisema, ni mimi niliyemvua mama yangu nguo mbele ya Ghorofani. Nikinyamaza, kesho anafukuzwa mtu kwa sababu alinifundisha vizuri.

Hakuna mlango wa tatu. Nimeutafuta.

Upande wa pili wa ukuta Mama anamalizia sare za kwaya. Cherehani ikilia niko salama, nikiisikia imesimama nageuza simu kifudifudi. Ndivyo nimeishi miezi yote hii.

Imesimama.

Kandambili zake zinakuja, polepole, za mtu ambaye bado anachagua maneno.

Mwalimu, kasoro naisahihisha. Jina langu ni Riziki. Ni lile lile wanalomwitia Mama.

Simu nimeilaza chali. Ingia, Mama. Nipime kwanza.