Flashi ya Harusi ya Asha

Mutakura, Bujumbura

Dada Zuhura,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute umefungua duka, mgongo wa mama umetulia, na wanao wamekwenda shule wameshiba. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio nitakaokueleza.

Usishangae kupata barua ya mkono. Maneno haya hayaenei kwenye simu yangu ya kitochi, na flashi sithubutu tena kuituma. Nimempa karatasi hii baharia yuleyule wa meli ya mizigo aliyeniletea flashi yako yenye harusi ya mdogo wetu Asha.

Unajua sikuja harusini. Mwezi wa kwanza wa kazi huombi ruhusa. Hapa ofisini, tunakoshughulikia hati za mizigo ya bandarini, wanazungumza Kirundi na Kifaransa, nami hukaa nikisubiri mtu akumbuke kunigeukia kwa Kiswahili. Basi flashi ilipofika, saa ya chakula nikaichomeka kwenye kompyuta ya kazi. Nilijua ni marufuku. Niliona folda ya harusi ina kishale kidogo pembeni. Nikabofya, haikufunguka. Nikabofya tena.

Kesho yake flashi ya ofisi, ile inayozunguka mashine zetu zote nne na kupeleka hati forodhani, ilionyesha folda zenye vishale, na ndani hamna kitu. Meli ilikuwa inasubiri karatasi zake.

Bosi wetu, ambaye wote humwita Patron, alipiga meza. "Spesi! Ni nyimbo zako za kwaya hizo!"

Mama Spesi ni karani mkongwe. Ndiye anayenigawia maharage yake kila mchana, tangu aliponiona nikila mkate mkavu. Ni kweli hupakua nyimbo. Alicheka: "Patron, tangu lini Yesu analeta maradhi?" Lakini Patron aliapa kwamba fundi akithibitisha, atamfukuza. Mimi nilinyamaza. Siku mbili, dada. Na siku zote mbili nilikula maharage yake.

Siku ya tatu akaja fundi, Mzee Saidi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili. Hakugusa kitu. Alikaa akauliza maswali kama daktari.

"Mashine inavuma kama mutu anakimbia, na hakuna kazi munafanya?"

Tukasema hapana.

"Matangazo yanajifungua yenyewe? Mushale unatembea bila mukono?"

Hapana.

"Sawa. Ikivuma bure, kuko mutu anaiba nguvu yake. Mushale ukitembea wenyewe, mutu iko ndani anaongoza. Matangazo, ni wachuuzi tu. Kila ugonjwa na dalili yake."

Patron akauliza, kwa sauti ndogo, kama ni wale wanaofunga faili na kudai pesa.

"Apana. Wale wanaacha barua ya kudai, na majina ya faili yanaota mikia. Angalia kle hii," akasema akiinua flashi ya ofisi. "Inasema imejaa, na haionyeshi kitu. Chungu kizito hakiko tupu. Hii ni munyoo. Inatambaa mashine kwa mashine, inaficha, lakini haiui. Na mara nyingi inaingia na kle ya mutu. Kle ya nani?"

"Ya Spesi," Patron akasema.

"Mi sina kle hata moja!" Mama Spesi akaruka.

Nikaitoa flashi yako mfukoni. "Ni yangu." Nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine.

"Mutoto we, usiogope, ni dawa tu," akasema fundi. Aliziosha mashine, kisha flashi zote, akafichua yaliyofichwa. Hati za meli zikarudi. Halafu akafungua video ya harusi kuhakikisha. Mama yetu akatokea ameshika kipaza sauti, akasema mbele ya ofisi nzima: "Na wewe Hamisi wangu, huko uliko, umekula?"

Mama Spesi akaijibu kompyuta: "Anakula, mama. Anakula kwangu." Kisha akanigeukia. "Siku mbili, Hamisi."

Sikufukuzwa. Nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio, na matundu yote ya flashi, isipokuwa la mashine ya Patron, yamezibwa kwa karatasi ya gundi. Mama Spesi hunisalimu, lakini sasa anakula akitazama dirishani. Leo nilimpikia dagaa. Alionja, akasema, "Chumvi nyingi," akageuka. Ila bakuli hajalirudisha.

Sasa la kwako, na usikasirike: flashi ilitoka dukani kwako. Walimu wanakuletea mitihani uchape. Ukiona folda ya mteja imeota kishale, au flashi inadai imejaa na haionyeshi kitu, usibofye, wala usiifute kwa hofu. Vilivyomo vipo. Safisheni mashine kwanza, kisha flashi, la sivyo itaugua tena kwenye tundu lilelile.

Msalimie shemeji, na Asha na mumewe, na shangazi aliyeongoza vigelegele, nimemsikia.

Flashi ninayo mfukoni mwa shati. Imepona, ila sina pa kuichomeka. Mwambie mama swali lake limenifikia. Jibu usimpe; nitampa mwenyewe, bakuli likirudi na maharage.

Mdogo wako,
Hamisi