Viza Wamenipa Mimi

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nimerudi kutoka kiwandani Bugarama, vumbi la saruji hadi masikioni. Baada ya chakula, mazoezi tena. Mimi ndiye afisa wa ubalozi, mke wangu, Maman Aline, ndiye mwombaji. Unaenda kufanya nini? Utakaa kwa nani? Nini kitakurudisha Rwanda? Hapo anakwama kila mara. "Nitarudi juu hapa njo kwangu." Nimemwambia kusema tu kwamba hapa ndipo kwake hakutoshi. Sijui litatosha lipi.

Binti yetu Aline atajifungua Aprili, huko Ulaya. Mumewe ni dereva wa lori, wiki nzima hayupo. Mtoto wa kwanza alifia tumboni. Safari hii anamtaka mama yake. Mimi nimeomba viza ya utalii ili Maman asisafiri peke yake. Basi.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Basi la Kigali. Msitu wa Nyungwe ukungu mtupu. Maman ametapika. Mfuko wa hati hakuuachia hata hapo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Simu wamezichukua mlangoni pa ubalozi. Alama za vidole. Nilidhani tutaingia pamoja. Wameita mmoja mmoja. Mama mmoja nyuma ya kioo, mpole. Kazi? Mkataba? Mshahara unapitia benki? Nikajibu. Imekwisha upesi.

Maman amekaa sana. Niliona mgongo wake tu. Barabarani ndipo aliposema: "Nimemwambia ninauza nyanya Bukavu. Ninavuka mpaka wa Kongo kila siku, ninarudi kila siku. Akauliza karatasi ya kazi iko wapi."

Nina hofu.

Jumatano, tarehe 19 Machi
Pasipoti zimefika. Yangu ina viza. Yake ina karatasi: hakuna uhakika kwamba atarudi kwao. Mwanamke anayevuka mpaka kila asubuhi na kurudi kila jioni.

Nilifurahi kidogo kwa ajili yangu. Nimejichukia.

Alhamisi, tarehe 20 Machi
Nimempigia Aline, nikamwambia siji. Mwanamume atafanya nini kwa mzazi? Amelia. Hakunibishia.

Jumapili, tarehe 23 Machi
Baada ya misa Maman ameazima mtoto mchanga wa jirani. Ameweka beseni sebuleni.

"Papa Aline, kuja ujifunze."

"Si nilisema siendi?"

"Utaenda. Mutoto wangu hatazaa peke yake."

Nimeshika shingo, nimemwaga maji, nimekosea. "Pole pole. Huyu si mufuko wa saruji." Akanionyesha uji wa mzazi, namna ya kumkanda tumbo, akijikanda lake mwenyewe. Katikati ya kukanda akasimama, akatoka nje. Nikabaki na mtoto mikononi. Sikumfuata.

Jumamosi, tarehe 12 Aprili
Hospitali, ugenini. Mkwe yuko njiani na lori lake. Tangu asubuhi Aline alikuwa akiita, "Maman, Maman." Nilikuwa nimemshika mkono, sikujua la kufanya. Mwishowe nikaitika.

Msichana. Anapumua vizuri. Aline amelala.

Nimempigia Maman. Ameshukuru Mungu, kisha akauliza, "Aliniita?"

Nikasema ndiyo.

Nilimsikia akipumua. Tukakaa hivyo, hadi mtandao ukakatika.