Leo Maji Yakoje

Shangazi yangu,

Usianze kunicheka kwamba nimekuandikia barua, wewe ambaye hata kisomo cha watu wazima ulikikimbia. Nakumbuka ulivyomwambia mwalimu kuwa vidole vyako vimeshaiva kwa moto wa chumvi, kalamu haviiwezi tena. Usijali. Nitakuja nayo hapo kaburini nikusomee mwenyewe, polepole, maana hata mimi herufi bado nazifukuza.

Huku hatujambo. Sasa wote tumehamia kijijini, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi ya bwana shamba. Asubuhi bado ni shamba la kijiji kwanza, chumvi baadaye, na siku hizi kwa ruhusa ya mwenyekiti. Ungekuwepo mngegombana, na najua nani angeomba radhi. Mume wangu Petro mzima, ng'ombe wake wazima, na bado anakoroma vilevile ulivyokuwa ukimwiga mbele za watu.

Sasa nikuambie kilichonileta. Nimevunja chungu chako. Ndiyo, kile kikubwa chenye mdomo uliopinda, ulichokuwa unakibembeleza kuliko ulivyotubembeleza sisi. Na wala hakikuanguka. Nilikuwa nimekaa hapohapo mekoni, mwiko mkononi, macho yanakitazama, lakini haki ya Mungu sikukiona. Maji yakaisha, chumvi ikashika chini, mimi naongeza kuni tu kama mwenye wazimu. Nikasikia ta! Kikapasuka vipande viwili. Wenzangu wakanikimbilia wakidhani nimeungua, wakanikuta nimekumbatia magae ya moto kwenye kanga, nalia.

Ndivyo nilivyokuwa tangu uondoke, Shangazi. Petro akiniuliza nimeamkaje, namjibu kama jana. Akiuliza mboga ikoje, kama jana. Juzi akaniambia, "Mke wangu, siku hizi nakaa na nani humu ndani?"

Kama jana! Neno ulilolipiga marufuku. Unakumbuka nilivyokuja kwako kujifunza, nimetoka tu kuolewa, mdomo mrefu na haraka nyingi? Tulikuwa tukikwangua udongo wa chumvi, tunaujaza kwenye chungu chenye matundu, tunamimina maji juu, yanachuruzika kwenye chungu cha chini. Kisha kabla hujainjika chochote motoni, unanigeukia. "Haya, mwanangu, leo maji yakoje?" Natia kidole, naonja. Kama jana, Shangazi. "Rudi. Hujafika bado." Loo, nilivyokuwa nakuchukia! Mara tatu, mara nne unanirudisha, jua kali, wenzangu wanacheka, mpaka niseme kitu. Yamepoa. Yana uchungu wa majani. Yanakausha ulimi kuliko ya juzi. Hapo ndipo unasema, "Sasa umefika, lete kuni."

Moyoni nilisema huyu mama ana kichaa. Lakini baadaye nikajikuta naonja kabla hujaniuliza, na si maji tu. Nikaanza kujua upepo wa ziwani ulivyo asubuhi fulani na ulivyo nyingine. Nikaanza kumtazama Petro usoni akirudi na ng'ombe, nikajua amechoka au amekasirika kabla hajafungua mdomo. Haya yote ni yako, nawe hukuwahi kuniambia unanifundisha nini.

Na ile asubuhi ya mwisho. Jamani, hii ndiyo inayonikaba. Ulikuwa umelala, mbavu zinauma, nami nimepita mbiombio kukujulia hali, kengele ya shamba la kijiji imeshagongwa. Ukanishika mkono. "Leo maji yakoje?" Sikuwa nimekanyaga kwenye chumvi, Shangazi. Sikuwa nimeonja. Nikasema, "Kama jana."

Nikasubiri unirudishe. Hukunirudisha. Ulinitazama tu, ukasema, "Haya, mama," ukafumba macho. Nilipotoka shambani nilikuta watu wamejaa uani kwako, wanawake wameshaanza kuimba nyimbo za kanisani. Nimelitembeza lile "haya" lako kichwani mwaka mzima, sijui kama ulijua nimekudanganya. Nadhani ulijua. Wewe ulikuwa unajua kila kitu, ujuaji wako ule.

Basi nimefinyanga chungu kingine. Mdomo wake nao umepinda, sikukusudia. Leo Jumapili, nimetoka ibadani nikaenda kwenye chumvi peke yangu. Nikamimina maji, nikakaa chini, nikangoja yachuruzike. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikatia kidole, nikaonja, nikasema vilevile, kama jana. Nikajirudisha mwenyewe. Mara nne, Shangazi, kwa hesabu yako.

Maji ya siku ile siyajui, na hakuna pa kurudi kuyaonja. Nisamehe. Lakini ya leo nayajua. Ni makali mbele ya ulimi, halafu yanalegea, kwa sababu ile mvua ya juzi imeyapunguza nguvu. Nyuma yana moshi kidogo, wa chungu kipya. Na chumvi yake ilitoka nyeupe. Petro ameionja, akanitazama, akasema, "Umerudi?"

Lala salama, Shangazi. Kila siku nitakayoinjika chungu, nitakuambia maji yakoje. Na siku nitakayokujibu kama jana, tafadhali, nirudishe.

Mwanao,
Tabu