Mgeni wa Saa Tatu na Nusu

Jumatatu, 15 Mei 1989

Nimeahidi kuandika kila kitu. Tabibu Lema wa zahanati ya hapa Magomeni, Kilosa, amenipa daftari hili. Niandike ninachokula, saa ninayokula na saa ninayotetemeka, nisifiche hata pipi. Kurasa za nyuma ni zake. Hizi za mbele ni zangu, hatazisoma mtu. Nako huku sitaficha.

Saa 12:30 asubuhi, chai vijiko vitano, mkate mweupe vipande vitatu. Saa 3:30, kipindi cha hisabati, alikuja.

Namwita Mgeni. Kwanza midomo inakufa ganzi. Halafu jasho la baridi. Halafu mikono, na njaa kali mno, kama sijala tangu juzi. Sauti ya mwalimu inakwenda mbali, kama inatoka ndani ya mtungi. Kisha mwanamke anasimama mlangoni. Amenipa mgongo. Ana ndoo kichwani.

Hili la mwanamke sijamwambia mtu. Hata Tabibu.

Nilipozinduka nilikuwa sakafuni. Mwalimu wa zamu akaninywesha maji ya sukari, nikapona palepale. Saa sita na nusu Mgeni akarudi.

Jumanne, 16 Mei

Chai, vijiko vitano. Anayekoroga ni Mama Mdogo, mke wa baba. Ana dirisha la duka barazani kwetu. Biskuti, sharubati ya chupa, sabuni, na sukari gunia zima. Nilipokuwa darasa la kwanza nilikuwa napanga foleni ya sukari tangu alfajiri kwenye duka la ushirika, na mara nyingi nilirudi mikono mitupu. Sasa imeruhusiwa, kila mwenye dirisha anauza. Mama Mdogo amesema mtoto wa nyumba hii hatakunywa tena chai isiyo na sukari. Ananipenda. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Saa 3:30. Hakuchelewa.

Leo Zuhura naye alianguka. Ndiye ninayekaa naye dawati moja. Alikuwa akiniita jina. Nilimsikia nikiwa chini, kutoka mbali sana. Mwenye ndoo hakugeuka.

Alhamisi, 18 Mei

Leo wameanguka wasichana wanne, wote wa safu yetu. Mmoja alianguka kabla yangu.

Wavulana wanaliita dawati letu Stesheni. Ukikaa pale unasafiri. Wakati wa mapumziko walikuwa wakiniuliza treni yangu inapita saa ngapi. Nilitaka kucheka. Najua inapita saa ngapi.

Ijumaa, 19 Mei

Mwalimu Mkuu alikuja nyumbani. Nilisikiliza nikiwa nyuma ya gunia la sukari. Alisema hana ubaya na mimi, nina akili na heshima. Lakini nikiendelea hivi darasa zima la saba litakuwa chini, na mtihani ni Septemba. Nikae nyumbani mpaka mambo ya kwetu, hilo jini wanalosema watu, yamalizwe. Nirudi Jumatatu tarehe 12 Juni nikiwa mzima. Nisiporudi mzima, jina langu litaondolewa kwenye orodha ya watahiniwa.

Baba akasema ndiyo, Mwalimu. Ni mfanyakazi wa reli, amezoea kupokea amri.

Nataka kwenda sekondari. Nataka kuliko kitu chochote. Sijui namna nzuri zaidi ya kuliandika hilo.

Jumatatu, 22 Mei

Tabibu alisoma kurasa za nyuma mara mbili. Akachukua penseli akachora mstari unaopanda kama mlima, kisha unaporomoka mpaka chini ya pale ulipoanzia.

“Yustina, hajawahi kukujia kabla ya saa mbili na nusu kupita tangu ule kitu kitamu. Jini gani hilo linasubiri chai?”

Alieleza hivi. Nikila kitamu peke yake, sukari ya damu inapanda haraka. Mwili unashtuka, unaishusha kupita kiasi. Hapo ndipo natetemeka. Wananipa maji ya sukari, napona, halafu mlima unaanza upya. Dawa ndiyo inayomwalika.

Hana uhakika. Hapa hana vipimo vyote, amesema daftari ndilo kipimo chetu. Amri zake ni hizi. Chai bila sukari. Nisile vitamu wala mkate mweupe peke yake. Dona badala ya sembe. Kila mlo uwe na maharage, dagaa, yai au karanga. Nile kidogo kidogo, kila baada ya saa tatu, nisikae na njaa. Akija hata hivyo, nilambe sukari kidogo, halafu nile chakula cha kweli hapohapo.

Nilimuuliza kuhusu Zuhura. Alisema hofu huambukiza kama miayo.

Nilipomweleza Mama Mdogo aliacha kupima mchele. “Nimnyime sukari mtoto wa marehemu, na duka ninalo? Watu watasemaje juu yangu?”

Sikuwa nimelifikiria hilo.

Jumatano, 24 Mei

Saa 12:30, chai tupu, yai, kiporo cha dona na maharage. Mama Mdogo alikoroga kikombe kisicho na kitu, kwa mazoea, na mlango akauacha wazi jirani wasikie kijiko.

Saa 3:30 nilikaa nikiutazama mlango. Ulikuwa mlango tu. Saa nne, karanga. Saa sita, mlango tu.

Saa saba niliiba biskuti nne. Naandika kwa sababu nimeahidi. Saa kumi kasorobo alikuja. Mwenye ndoo hakuwa mlangoni tena. Alikuwa ndani, kando ya gunia. Nikaona kisigino chake. Kilikuwa kimelowa.

Sitaiba tena.

Jumamosi, 27 Mei

Siku mbili salama. Lakini baba ameshaamua. Bibi mzaa mama ameagiza nipelekwe kwake Mikumi. Amesikia habari za shule, sijui kwa nani. Baba habishani na Bibi. Tangu mama afariki, nikiwa na miaka mitatu, kila Bibi anapozungumza baba hutazama chini.

Nimepakia karanga na dagaa. Mama Mdogo aliongeza mayai kumi na mawili, akayafunga moja moja kwenye karatasi kama vyombo vya kioo. Nilimkumbatia.

Jumatatu, 29 Mei. Mikumi

Tulifika kwa treni ya Kidatu. Gadi wa treni ni rafiki wa baba, alinipa kiti cha dirishani. Baba akarudi nayo.

Nyumba ya Bibi iko upande wa mbuga. Saa sita mchana nyani walikuja wakakaa ukingoni mwa shamba, safu moja, wakitazama nyumba. Nyani huiba. Hawa hawakugusa hindi hata moja. Bibi alisema tuwaache, huja hivyo nyumba ikiwa na ugeni.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanishika kidevu akanitazama kwa muda mrefu. Nikamweleza habari za sukari, kwa adabu, kama Tabibu alivyonieleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

“Ndoo yake ina maji, au tupu?”

Sijamwambia mtu. Sijamwambia mtu yeyote habari za ndoo.

Nilisema sijui. Mikono yangu ilitetemeka, na nilikuwa nimekula vizuri. Naogopa.

Ijumaa, 2 Juni

Siku zote hizi sijaanguka. Bibi haoni kuwa ni dalili ya kitu. Anasema Mgeni amefika nyumbani, amepumzika.

Ngoma ya kumpunga Mgeni ni kesho. Mganga anaitwa Mama Mlenge, mama mpole mwenye sauti ya kukwaruza. Amenieleza utaratibu. Saa tatu asubuhi italetwa chano, sinia la mbao lenye vyakula wavipendavyo mashetani. Nitakula. Kisha ngoma itapigwa mpaka jua la utosi. Nikitetemeka, ndipo Mgeni amekubali kiti, na kiti ni mimi. Nitakaa kwa Mama Mlenge mwaka mzima nikifundwa kumtumikia. Nisipotetemeka, hayupo, narudi kwetu.

Mwaka mzima. Septemba iko ndani yake.

Nimeiona chano ikitayarishwa. Asali. Miwa iliyomenywa. Ndizi mbivu. Sharubati nyekundu. Mayai ya kuchemsha, karanga kiganja kimoja. Nilihesabu saa. Kutoka saa tatu mpaka saa sita ni saa tatu kamili. Kila msichana aliyewahi kula ile asali na kukaa juani alikuwa akielekea saa yangu ya kutetemeka.

Nilimuuliza Mama Mlenge ni nani anayechagua cha kula. Alijibu bila kusita kwamba Mgeni huchagua mwenyewe, binadamu hamlazimishi.

Nimeliandika jibu lake nisije nikadhani nimeota.

Jumamosi, 3 Juni

Saa 12:30, dona na dagaa. Sikumficha Bibi. Aliniona nikila.

Saa tatu, shuka jeupe, chano mbele yangu, akina mama kama kumi. Mama Mlenge akanisogezea asali. Nikanyoosha mkono nikachukua yai. Kisha la pili, na la tatu. Kisha karanga. Asali sikuigusa.

Akina mama walitazamana. Mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, “Jini hili, au kicheche mwizi wa mayai?” Wakacheka wakijiziba midomo. Mwingine akasema labda ni jini la kizungu. Mama Mlenge alinisogezea miwa mara mbili, kisha akaacha. Sheria ni yake.

Ngoma zikaanza. Sikujua zingekuwa na nguvu kiasi kile. Ziliingia kwenye mifupa. Vumbi, moshi, jua. Saa tano. Saa tano na nusu. Jasho lilinitoka, lakini la moto. Nilijihesabia maneno ya Tabibu, mlima, mteremko, mlima, mteremko. Hakuna aliyecheka tena. Nyani walikuwa wamekaa kwenye safu yao.

Saa sita. Midomo yangu ilikuwa hai. Niliiuma, ikauma.

Niliutazama mlango wa nyumba. Ulikuwa mtupu, naapa. Lakini Bibi naye alikuwa akiutazama, na macho yake yalikuwa yakimfuata mtu anayetoka, taratibu, mpaka ukingo wa shamba.

Saa saba Mama Mlenge alinyanyua mkono, ngoma zikanyamaza. Alisema hapa hakuna kiti. Alisema bila hasira. Alikula ndizi moja, akaenda zake.

Jumapili, 4 Juni

Bibi aliniita jikoni wakati wa kuchambua mboga. Alizungumza huku ameniinamishia kichwa, kwa Kiswahili chake cha taratibu, maana lugha ya kwao siijui vizuri.

Kwetu siku zote waliniambia mama alikufa kwa homa. Si homa. Mama alikuwa akitetemeka. Alifanya kibarua cha kupanda miwa, akishinda na muwa mdomoni tangu asubuhi, ndicho kilichokuwa chakula chake. Saa sita, jasho, mikono, anakaa chini. Alimwambia Bibi kwamba anamwona mwanamke mwenye ndoo, amempa mgongo. Bibi akamleta kwenye ngoma. Alikula asali yote. Alitetemeka kabla jua halijafika utosini. Wakashangilia.

Alikuwa mwali wa Mama Mlenge miezi minne, akila vitamu vya Mgeni kila asubuhi, kwa heshima. Siku moja mchana alitumwa maji. Pale wanapovuka mto kwa miguu maji hufika magotini tu. Alianguka hapo. Waliikuta ndoo imesimama ukingoni, imejaa.

“Mimi ndiye niliyemmenyea ile miwa,” Bibi akasema.

Nilichukua mboga nikaendelea kuchambua pale alipoachia.

Jumatatu, 5 Juni. Mikumi

Chai tupu, yai, kiporo. Saa nne, karanga. Saa sita, mlango tu. Nyani hawakuja.

Bibi amekubali nirudi Kilosa Alhamisi, ili tarehe 12 niwe darasani. Ameniuliza kama maharage aweke chumvi au asiweke. Asubuhi aliimimina ile asali yote chini ya mgomba, bila kuniambia kwa nini.

Leo nimemwandikia Tabibu Lema. Nimenakili saa zote za wiki, kwa mstari, kama anavyopenda. Mwishoni niliweka maswali mawili. La mwenye ndoo, na jinsi mimi na mama tulivyomwona mtu yuleyule, nimelifuta. Yeye ni mtu wa vipimo. Lililobaki nalinakili hapa.

Treni inapita kesho, nitampa barua yule gadi rafiki wa baba. Keshokutwa itapita tena, inarudi. Nitakuwa nimesimama stesheni.

Mheshimiwa Tabibu, naomba unijibu kwa treni hiyohiyo: mama yangu angepewa yai na karanga badala ya miwa, angevuka?