Aliyekucheka Si Mtani Wako

Kijiji cha Ujamaa,
Matombo.
9 Juni 1974

Mpendwa mtani wangu Petro,

Pokea salamu za huku mlimani, zenye baridi na ukungu wake. Mimi ni mzima, ila goti linanisumbua kama kawaida ya miezi hii. Wewe huko mjini Mafiga sijui kama unakula vizuri au bado ni ule mti wa kuanikia nguo niliouzoea. Mama yako Yuliana hajambo, na anauliza kama lile sweta unalivaa au umelitunza litage mayai. Ndizi za shamba la kijiji zimebeba vizuri.

Barua yako dereva wa lori la misheni amenifikishia. Unasema yule mwandishi wetu wa gazetini, Bwana Kiatu Kimoja, anataka uwe mwenzake wa safari za porini mwaka mzima, na unaniuliza uende naye au urudi nyumbani. Nitakujibu, lakini kwanza nina yangu ya kusema.

Nani alimgundua mtu huyo? Ni mimi. Mwinjuma wa dukani alinifungia chumvi kwa gazeti, nikalikunjua njiani, nikakuta bwana mmoja kaeleza alivyokwenda kuwinda kanga, akaacha kiatu kimoja topeni, akarudi kwa mkewe na kuku aliyemnunua Mikese. Nilicheka mpaka chumvi ikamwagika. Tangu hapo, kila tulipopumzika kulima shamba la kijiji, wewe ulisoma kwa ile sauti ya katekista na mimi kazi yangu ilikuwa kucheka. Ile ya hema lililosimikwa kwenye njia ya siafu tuliirudia hata bwana shamba akatuuliza kama tumekuja kulima au kusali. Nilikuwa na furaha siku zile, nasema wazi.

Sasa mwezi uliopita nafungua gazeti, nakuta umo wewe. Unampandisha mwandishi mlima Bondwa, unateleza, unashuka mteremko kwa makalio na sufuria ya wali kichwani, unaishia kijitoni. Watu wakanitaka niwasomee, kwa kuwa msomaji wao hayupo. Walishika mbavu, hata mama yako. Mimi peke yangu sikucheka. Wivu ulinikaba, nikajiuliza huyu bwana ni mtani wako kwa ukoo upi. Koo zetu zimetaniana tangu enzi za bibi zetu. Naweza kukuita nyani mbele ya padri na huna ruhusa ya kununa. Yeye haki hiyo kaipata wapi?

Basi nikachukua gazeti nikaenda kwa wazee, nikashtaki kwamba mgeni amekutania bila kuwa mtani wako, na nikadai atozwe kuku. Walinisikiliza kwa adabu. Mama yako ndiye aliyeniuliza nilikuwa wapi siku mwanawe anaanguka. Ikabidi niseme kwamba uliniita tupande wote watatu, nikagoma, kwa sababu mwandishi alipotafuta wa kumwongoza mlimani alikuomba wewe na si mimi. Wazee hawakuchelewa. Walisema mtani akianguka, wa kumcheka ni mtani wake, na mimi nimeiacha kazi yangu mpaka ikafanywa na mtu wa kupita. Kuku nimetozwa mimi. Nimetoa jogoo wangu mwekundu, na mama yako amemla bila huruma.

Nije kwenye swali lako. Nilishaandika karatasi nyingine kukwambia kwamba kijiji kinakuhitaji, mama anazeeka, na porini kuna mbung'o. Nimeichana, maana sikuwa nakwambia kweli. Petro, nilidhani nakuonea wivu wewe kwa kumpata yeye. Tangu uhamie Mafiga nimekuwa nasoma hadithi zake peke yangu, na nyingi hazichekeshi kiasi hicho. Aliyekuwa akinichekesha ni wewe. Ninayemwonea wivu ni yeye, kwa kuwa anakwenda kukaa na wewe mwaka mzima, na mimi nitabaki na gazeti.

Nenda. Safari hizo tuliziota wote wawili, na mmoja wetu akizipata zisipotee kwa ajili ya kununa kwangu. Mama yako nitamchotea maji na kumpasulia kuni, usiwe na wasiwasi.

Nisalimie wenyeji wako wote hapo Mafiga, na Bwana Kiatu Kimoja naye msalimie, ingawa kwa shingo upande. Ninakuomba jambo moja tu. Huko mwendako, ukianguka, niandikie mimi kabla yeye hajaandika, ili nikucheke kabla ya nchi nzima.

Ni mimi mtani wako,
Stefano