Sura Niliyoonyeshwa

Mikumi,
Jumapili jioni.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu pamoja na dada Magreth atakayekusomea barua hii, na namwomba asome polepole bila kuruka mahali, hata pale utakapomwambia anyamaze. Natumaini goti limepata nafuu kwa ile dawa ya kuchua, na kwamba mvua haikuyabeba maharage kwenye mteremko. Sisi huku ni wazima. Mke wangu Aneth anakusalimu, na wajukuu wako wanakula kuliko wanavyosoma. Vidole vya mkono wangu wa kushoto havijanyooka, ila siku hizi nashika kikombe cha chai bila kumwaga.

Ningepiga simu, lakini mtandao wa huko Vidunda unaujua, na wewe ukikasirika unamrudishia Magreth simu yake na kwenda zako shambani.

Magreth aliniambia mmepata habari kwamba Meshaki, yule kijana wa Kimaasai wa Rudewa aliyeshtakiwa kwa kunichoma moto, ameachiwa huru. Akasema uliuliza ni shahidi gani aliyeiharibu kesi, na ukamwombea mtu huyo asile akashiba. Nitakujibu, Mama, ila univumilie nianze nyuma kidogo.

Unakumbuka majambazi walivyotuvamia pale kwenye machimbo ya kokoto nilipokuwa mlinzi. Jua lilikuwa linazama. Walikuja wamejifunga shuka usoni, wakabeba baruti za kupasulia mawe, wakalitia moto banda nami nikiwa ndani. Shuka ya mmoja wao iliteleza nikamwona uso, mara moja tu, kisha moshi ukaingia kati yetu. Kwa sababu ya zile baruti, kesi ikaitwa ya ugaidi. Mimi nilifurahi. Nikasema afadhali, kesi hiyo haina dhamana, hatapata nafasi ya kutoroka.

Nikiwa bado wodini, mikono imefungwa bandeji, alikuja mpelelezi mmoja akanionyesha picha kwenye simu yake. Akaniambia huyu ndiye tuliyemkamata, mtazame vizuri. Nikamtazama. Nilipopona nikaitwa kwenye gwaride la utambulisho. Watu walipangwa mstari, nami nikapita mbele yao na kumgusa Meshaki bega bila kusita. Sikudanganya, Mama. Niliamini kabisa kuwa ni yeye.

Baada ya hapo nilikuwa sikosi kwenda Kilosa kesi inapotajwa, maana nilitaka anione. Kila mara tuliambiwa upelelezi haujakamilika, naye anarudishwa mahabusu hata hajaulizwa kama anakubali kosa au anakataa. Mwaka ukaisha, mwingine ukaanza nao ukaisha. Kijana alikuwa mnene wa mabega, akakonda mpaka shati likawa linamning'inia.

Mama yake anaitwa Resiato. Alikuwa akikaa nje ya mahakama, mgongo ukutani, na kila nikipita aliniambia, "Pole na mkono." Sikumwitikia. Nilimwona kama mtu anayenidhihaki. Siku moja nilichoka nikasimama, nikamuuliza kwa nini ananipa pole wakati mwanawe ndiye aliyenifanya hivi. Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Akanijibu, "Wewe umeungua kweli. Hiyo naona. Mtoto wangu walimfungia, hakuna wakili, hakuna ndugu, wakaleta karatasi, akaweka dole gumba. Hajui kusoma. Hiyo pia naona."

Niliondoka na hasira, lakini maneno yale nilirudi nayo nyumbani. Nikafumba macho nimwone tena yule mtu wa machimboni, nijihakikishie. Nikauona uso wa Meshaki waziwazi, na nyuma yake ukuta wa buluu. Mama, machimboni hakuna ukuta wa buluu. Nyuma ya yule mtu kulikuwa na moto. Ukuta wa buluu ulikuwa kwenye ile picha ya simu.

Nilijaribu tena na tena, na kila mara ukuta ulikuwepo. Uso niliouona kwenye moto ulikuwa umeshafutika, na sijui ulifutika lini.

Hatimaye jaji alipokuja kusikiliza kesi, wakili wa serikali, mama mmoja mpole, aliniita kunipitisha kwenye ushahidi wangu. Nikamweleza habari ya picha na ya ukuta. Aliweka kalamu mezani. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akasema, "Umefanya vizuri kuniambia. Upande wa pili lazima wajue." Yeye hakuniita tena kizimbani. Aliyeniita ni wakili wa Meshaki.

Kwa hiyo, Mama, shahidi unayemuulizia ni mimi mwanao. Nilisimama upande wa utetezi wa mtu aliyeshtakiwa kwa kuniunguza. Waliponiuliza kama ndiye niliyemwona, nilisema sura ninayoikumbuka ni ile niliyoonyeshwa kwenye simu, na ya siku ya moto siioni tena.

Jaji aliikataa ile karatasi ya kukiri kosa yenye dole gumba, na gwaride nalo akalikataa. Alisema sheria ya ugaidi imewekwa kali kwa sababu hatari yenyewe ni kali, lakini ukali wa kosa haumwondolei mshtaki mzigo wa kulithibitisha. Mimi si mtu wa kusema sheria ile ifutwe. Waliobeba baruti wapo mahali fulani, na hadi leo kishindo cha tairi linalopasuka kikinikuta barabarani natafuta pa kujificha. Lakini tukimfunga asiyehusika, wenyewe watalala usingizi mzuri.

Tulipotoka nje, Resiato alilishika shati la mwanawe kwa mikono yote miwili, maana watu walisema wapo walioachiwa wakakamatwa tena palepale mlangoni. Hakuja mtu. Meshaki akanifuata, akainamisha kichwa mbele yangu kama vijana wa kwao wanavyowasalimu wakubwa. Nikamgusa utosi kwa mkono huu wenye vidole vilivyokunjamana.

Sikufichi, Mama: sijui kama ni yeye au siye. Sitajua. Nilidhani kutojua huko kutanitafuna. Kumbe kilichokuwa kinanitafuna ni kule kujifanya najua. Tangu nirudi kutoka Kilosa nalala hadi Aneth ananiamsha, na chakula kina ladha. Nimepumua, Mama, na nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia sokoni.

Jumamosi nitapanda huko kusaidia kuvuna, kwa mkono mmoja na nusu. Kama hasira itakuwa haijaisha, usinipikie, nitakula kwa Magreth. Ila shikamoo yangu niitikie tu, hata kama utakuwa umegeukia ukuta.

Wasalimie majirani wote na shangazi Domina. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao,
Cornel